Brendan Bowyer, Mwimbaji wa Nyimbo za Wenzake

Katika somo letu la tafsiri tulikwama kwenye neno moja la Kiingereza: showband. Kamusi tulizokuwa nazo hazikutufaa. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "bendi ya maonyesho". Mwenzake akashikilia "bendi ya dansi", kwa hoja kwamba watu walikwenda ukumbini kucheza na si kutazama. Ilitubidi tufunge kamusi na kuitafuta historia ya bendi hizo huko kwao Ireland, na kila tulipopita tulikutana na jina la Brendan Bowyer.

Bowyer alizaliwa Waterford, mji wa bandari kusini mashariki mwa Ireland, mnamo tarehe 12 Oktoba 1938. Mwaka 1957 alijiunga na Royal Showband, bendi ya vijana wa mji huohuo, akipiga trombone na kuimba. Kabla ya hapo wanamuziki wa dansi nchini humo walikuwa wakipiga wameketi, macho kwenye karatasi za nota. Bendi ya Clipper Carlton kutoka Strabane ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kusimama, kuziweka nota kando na kuwachangamsha watu kwa miondoko na vichekesho. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa kwanza hakukosea sana. Bowyer naye aliruka, akapiga magoti, akazunguka jukwaa zima huku akiimba, na wachezaji wengi walisimama wakamtazama!

Kumbi zenyewe zinastahili kuelezwa. Zilikuwa majengo makubwa, mengi yake yakiwa vijijini kando ya barabara. Pombe haikuuzwa, ila soda na chai. Wanawake walijipanga upande mmoja, wanaume upande wa pili, na muziki ulipoanza wanaume wakavuka sakafu kwenda kuomba kucheza. Biashara hiyo ilikuwa na fedha nyingi. Albert Reynolds, aliyekuja kuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1992 hadi 1994, alianza kutajirika kwa kumiliki kumbi za namna hiyo. Ni katika Kwaresima tu ambapo dansi ilisimama, na bendi zikavuka bahari kwenda kuwapigia Waayalandi waliohamia Uingereza na Marekani.

Sasa tufike kwenye jambo lililozua mjadala mkali darasani. Royal hawakuwa watunzi. Waliimba nyimbo za Elvis Presley na za wengine zilizokuwa zikivuma, ambazo vijana walizisikia usiku kupitia Radio Luxembourg. Wapo waliosema basi Bowyer alikuwa mwigaji tu. Sisi tunaona hukumu hiyo ina haraka. Elvis hakuwahi kufanya onyesho hata moja Ireland. Kwa kijana wa shambani aliyeendesha baiskeli maili kadhaa hadi ukumbini, Bowyer ndiye aliyemletea muziki ule ukiwa hai, wenye jasho na pumzi. Tena kazi ya bendi ilikuwa kuijaza sakafu. Wimbo ambao haujulikani uliiacha sakafu tupu, na mwenye ukumbi hakusahau.

Hata hivyo, kukopa kuna gharama yake. Mwezi Aprili 1962 Royal walipiga katika ukumbi wa Pavilion, Liverpool, na kundi lililowatangulia jukwaani usiku ule lilikuwa Beatles. Miezi sita baadaye vijana hao wa Liverpool walitoa santuri yenye wimbo walioutunga wenyewe, Love Me Do. Mwaka uliofuata, 1963, Bowyer aliipeleka Royal kileleni mwa chati ya Ireland kwa Kiss Me Quick, wimbo wa Elvis. Januari 1965 akarudi tena kileleni kwa The Hucklebuck, ambao Paul Williams alikuwa ameuvumisha Marekani mwaka 1949 na Chubby Checker akauimba mwaka 1960. Nyumbani kwao hakuna harusi iliyokamilika bila wimbo huo. Nje ya kwao, aliyeutaka alikwisha kuwa nao kwa sauti ya mwingine.

Mwaka 1971 Bowyer na mwimbaji mwenzake, Tom Dunphy, waliiacha Royal wakaunda Big 8. Bendi hii iligawa mwaka wake: miezi kadhaa katika hoteli ya Stardust huko Las Vegas, na majira ya joto Ireland. Elvis mwenyewe aliwahi kuja kumtazama. Ni vigumu kwetu kutojiuliza mwigizwaji alifikiri nini alipokuwa amekaa mezani akimsikiliza mwigizaji.

Wakati huo zama za bendi hizi zilikuwa zinafifia. Hoteli zilizoruhusiwa kuuza pombe zilileta disko, na kumbi za kando ya barabara zikaanza kufungwa. Kisha ukaja Julai 1975. Mwezi huo Dunphy alifariki katika ajali ya gari. Tarehe 31 ya mwezi uleule, wanamuziki watatu wa Miami Showband, Fran O'Toole, Tony Geraghty na Brian McCoy, waliuawa kwa risasi na wanamgambo wakati wakirudi kutoka kwenye dansi huko Ireland ya Kaskazini. Baada ya hapo bendi nyingi kutoka kusini ziliogopa kuvuka mpaka.

Bowyer aliendelea kuimba. Makao yake yalikuwa Las Vegas, lakini alirudi Ireland mara kwa mara, na waliofika kumsikiliza, wengi wakiwa sasa na mvi, hawakumruhusu ashuke jukwaani kabla ya The Hucklebuck. Alifariki Las Vegas tarehe 28 Mei 2020, akiwa na umri wa miaka 81.

Kuhusu neno lililotukwamisha, darasa lilipiga kura. "Bendi ya maonyesho" ilishinda kwa kura mbili.