Utando Uliogombaniwa: Historia ya Kifuko cha Lenzi ya Jicho

Lenzi ya jicho la binadamu imefungwa ndani ya kifuko angavu kisicho na mshipa wa damu wala neva, ambacho upande wake wa mbele ni mnene zaidi, ilhali katikati ya upande wa nyuma unene hufikia takribani mikroni 4, yaani sehemu 4 za elfu moja za milimita, kipimo kilicho chini ya upana wa chembe nyekundu ya damu. Kifuko hicho hushikiliwa na nyuzi laini zinazokiunganisha na msuli wa ndani ya jicho, na kikipasuka, iwe kwa mwiba au kwa kipande cha chuma, majimaji ya jicho hupenya ndani ya lenzi na kuifanya iwe nyeupe, pengine katika muda wa saa chache. Upasuaji wa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoitia lenzi ukungu, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya lenzi yenyewe, lakini ukichunguzwa kwa makini huonekana kuwa mvutano mrefu juu ya kifuko: kichanwe, kitolewe au kiachwe.

Kwa karne nyingi matabibu wa India, Roma na nchi za Kiislamu walitumia sindano kuisukuma lenzi iangukie nyuma ya jicho, na wale waliofuata mafundisho ya Wagiriki waliamini kuwa wanachokisukuma ni majimaji yaliyoganda mbele ya lenzi. Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri katika zama za Khalifa al-Hakim, alitumia hata sindano yenye tundu kufyonza ukungu uliokuwa laini. Sindano ilipokipasua kifuko, mabaki ya lenzi yaliweza kumwagika ndani ya jicho na kuleta uvimbe mkali au kupandisha shinikizo la jicho, hivyo nuru iliyorudi ikapotea tena. Mwaka 1705 Pierre Brisseau wa Ufaransa alipasua jicho la maiti ya askari na kuonyesha kwamba kilichofifia ni lenzi yenyewe.

Mfaransa mwenzake, Jacques Daviel, alianza mwaka 1747 kuitoa lenzi nje kabisa, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1753: alikata nusu ya chini ya konea, kioo cha mbele cha jicho, akakitoboa kifuko kwa sindano na kuibana lenzi itoke. Kifuko kilibaki, na pamoja nacho zikabaki chembe hai zinazotanda chini ya ukuta wake wa mbele, ambazo huzaliana na kuhamia nyuma mpaka kifuko nacho kiwe na ukungu. Hali hiyo, iitwayo mtoto wa jicho wa pili, iliwasumbua wapasuaji kiasi kwamba wengi waliona heri kukitoa kifuko chote na lenzi yake. Henry Smith, daktari wa Jullundur nchini India, alijulikana mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuisukuma lenzi nzima itoke kwa mbano wa nje. Ignacio Barraquer wa Barcelona akaleta chombo cha kufyonza, na mwaka 1961 Tadeusz Krwawicz wa Lublin, Poland, akatumia kalamu ya chuma yenye baridi kali iliyogandana na kifuko na kukivuta. Ukungu wa pili ulikwisha, lakini ute uliojaa nyuma ya jicho ulikosa kizuizi, retina ikawa katika hatari ya kubanduka, na mgonjwa alilazimika kuvaa miwani mizito maisha yake yote.

Wakati huohuo Harold Ridley wa London alikuwa ameshachukua njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwatibu marubani walioumizwa macho na vipande vya plastiki ya paa la chumba cha rubani, miongoni mwao Gordon Cleaver, aliyeangushwa Agosti 1940, na akaona kwamba plastiki ile ilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas', alimpasua mgonjwa na kujaribu kumwekea lenzi ya plastiki ya aina hiyo, akiiegemeza juu ya ukuta wa nyuma wa kifuko. Alipingwa vikali na wakubwa wa taaluma. Lenzi zake za mwanzo zilikuwa nzito na baadhi zilianguka, hivyo upinzani haukukosa sababu. Hata hivyo inafaa kutambua kwamba mtindo uliotawala wakati ule, wa kukitoa kifuko chote, uliondoa rafu yenyewe ambayo lenzi bandia ingewekwa juu yake.

Kifuko kilipata heshima yake taratibu. Mwaka 1967 Charles Kelman wa New York alitumia mawimbi ya sauti kuivunja lenzi na kuifyonza kupitia mkato mdogo, kazi inayofaa zaidi kifuko kikibaki. Wapasuaji walikuwa wakikifungua kwa matundu mengi yaliyopangwa kwa duara, njia iliyoitwa ya kufungua kopo, na kila kona ya mkato huo ingeweza kuwa mwanzo wa ufa unaokimbia hadi nyuma. Katika miaka ya 1980 Howard Gimbel wa Kanada na Thomas Neuhann wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walianza kukinyanyua kipande cha utando na kukizungusha polepole mpaka litoke duara moja la milimita 5 hivi, lenye ukingo laini unaotanuka bila kuchanika. Ukungu wa pili nao ukapata dawa: Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Bern walitengeneza leza inayotoboa ukuta wa nyuma kwa dakika chache, bila kisu.

Maradhi ya kifuko yasiyotokana na kisu yana historia fupi zaidi. Mwaka 1917 John Lindberg wa Finland aliandika juu ya ungaunga wa kijivu uliojikusanya juu ya kifuko na kwenye ukingo wa mboni, hasa kwa wagonjwa wa glakoma, na mwaka 1922 Anton Elschnig alieleza kifuko kinachobanduka tabaka kwa tabaka kwa mafundi wa kupuliza vioo, waliokaa miaka mingi mbele ya tanuri. Ungaunga wa Lindberg, uliohusishwa mwaka 2007 na jeni LOXL1, hudhoofisha zile nyuzi zinazokishikilia kifuko, ndiyo maana daktari anayeuona hujiandaa kwa pete ya plastiki inayokitanua kifuko kutoka ndani.

Mahali ambapo wagonjwa hufika hospitali wamechelewa, kama ilivyo kwa wengi wa Afrika Mashariki, lenzi huwa imekuwa nyeupe kabisa na utando hautofautishwi na kilicho chini yake. Rangi ya samawati iliyopendekezwa na Gerrit Melles wa Uholanzi mwaka 1999 hukitia kifuko doa kwa sekunde chache na kukifanya kionekane. Kwa watoto wadogo mashauri ni tofauti, kwa kuwa chembe zao huzaliana kwa kasi na kuwatuliza mbele ya leza ni vigumu, hivyo mpasuaji mara nyingi hutoboa ukuta wa nyuma kwa makusudi na kuondoa sehemu ya ute katika operesheni ileile ya kwanza.