Mapenenga ya Kyela na Saksafoni ya Paris

Kwetu Ipinda, wilayani Kyela, kijana aliyetaka kupiga mapenenga alianzia shambani. Kibuyu kiachwe kikomae na kukauka, kikatwe, kitolewe mbegu, kisha kitobolewe ubavuni. Juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba wa buibui, ule anaofungia mayai yake. Hapo umepata ipenenga. Hulipulizi kama filimbi: unaimba ndani yake, utando unatetema, na sauti yako inatoka kali kama ya tarumbeta. Vibuyu vikubwa vinanguruma besi, vidogo vinapaa juu.

Ngoma ya mapenenga ina damu ya jeshi. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, kusini ya mto Songwe. Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yakaingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Pwani walikuwa na beni, ngoma yao ya kuiga bendi za jeshi, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa vijana walisikia bendi za askari, na tarumbeta hawakuwa nazo. Vibuyu walikuwa navyo. Kutembea kwa mstari, kaptula, soksi ndefu, vyeo vya kijeshi, vyote vikaingia uwanjani. Malawi wanaita malipenga, sisi mapenenga.

Saksafoni nayo ilikulia jeshini. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hati ya uvumbuzi wake Paris mwaka 1846, na bendi za jeshi la Ufaransa ndizo zilizoibeba. Mwaka 1857 alipewa darasa la wanajeshi kwenye Konsavatori ya Paris, 1870 likafungwa. Lilikaa kimya miaka 72, hadi Marcel Mule alipokabidhiwa mwaka 1942.

Mule namheshimu sana. Alizaliwa Normandy mwaka 1901, na baba yake, kiongozi wa bendi ya mji mdogo, ndiye aliyemfundisha saksafoni. Mwaka 1923 aliingia bendi ya Garde Républicaine. Alipiga pia kwenye kumbi za dansi, na ule mtetemo wa sauti wa dansi akaja kuuingiza kwenye muziki wa klasiki, mahali ambapo wengi hawakuutarajia. Alifundisha hadi 1968. Mwanafunzi wake mmoja, Mmarekani Frederick Hemke, naye akafundisha Chuo Kikuu cha Northwestern nusu karne. Ndivyo chombo cha gwaride kilivyopata maprofesa: Mule alipewa chumba, mshahara na wanafunzi, akaandika mazoezi yake kwenye karatasi, na watunzi wakamwandikia kazi.

Mzee aliyetufundisha sisi mapenenga hakupewa hata kimoja kati ya hivyo. Alitukataza kugusa kibuyu mpaka kila mmoja aweze kuimba sehemu yake kwa mdomo mtupu huku tukitembea. Besi walitangulia, wakarudia mpaka miguu yao ikalingana. Ndipo akawaita wa sauti ya kati, na wadogo mwisho. Akisikia utando umelegea, alimtoa mtu mstarini akabandike mwingine. Nilikuja kuona walimu wa vyombo vya Kizungu wakifundisha baadaye, na sikuona aliyemzidi yule mzee kwa sikio.

Wala si jambo geni nchini kumweka fundi wa namna hiyo darasani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981, kilimpokea Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, akafundisha zeze na ilimba alizorithi nyumbani. Muziki unasomeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Makumira. Vyuo hivyo vilete walimu wa mapenenga kutoka Kyela, viwalipe kama walimu, na sehemu za besi, za kati na za juu ziandikwe pamoja na majina ya waliozitunga. Kila mpigaji wa Ipinda anajua nani alimfundisha, na mwalimu wake alifundishwa na nani.