Mbegu ya Mahindi katika Tarime na Serengeti

Mahindi si mmea wa asili wa nchi zetu. Yalitoka bara la Amerika, nayo yalifika pwani ya Afrika baada ya mwaka 1500. Katika Tarime na Serengeti, Wakurya, Waikoma na Wangoreme walikuwa wakila ulezi na mtama kwanza. Mahindi yakaja nyuma.

Mabadiliko hayo yaligusa ghala. Punje ya ulezi ni ndogo sana, na kilo chache zatosha eka nzima. Mahindi yataka kilo 8 hadi 10. Basi mwaka wa njaa, mama mwenye nyumba alitazama magunzi yaliyoning'inizwa juu ya meko, katika moshi ufukuzao wadudu, akajua kwamba akiyapika leo, msimu ujao hatakuwa na cha kupanda.

Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale, Kenya, walitoa mbegu chotara iitwayo H611, iliyozaliwa na mahindi ya Kitale na ya Ekuador. Chotara huzaa sana, lakini punje zake zikipandwa tena mavuno hupungua. Kwa hiyo mkulima aliyezoea kuchagua mbegu shambani mwake sasa huinunua kila mwaka.

Tena, mwaka 2011 ugonjwa uuao mahindi ulionekana Kenya, na mwaka 2012 ukaonekana Tanzania.

Twaona basi kwamba kilo zile 10, za ghala au za duka, ndizo mlango wa chakula cha mwaka. Yafaa ziwekwe kando kwanza, kabla ya kupima unga.