Miaka ya mtu inaandikwa na nani?

Ndugu na dada wa licence, leo si mambo ya mihogo. Hapa Luberizi kila Siku ya Mungu kuna mupira wa maveterani. Masharti ni moja: uwe umefika miaka 35. Baba yangu mdogo amekatazwa kucheza. Kadi yake ya mchaguzi inasema amezaliwa 1992, basi ana 33. Ukweli ni kwamba ana 37. Kipindi akiwa kijana, encadreur mmoja alimpunguzia miaka minne ili aingie kwa timu ya kadeti, na alikuwa mfupi, hakuna aliyeuliza. Ile tarehe ikaingia kwenye karatasi ya masomo, kisha kwenye kadi.

Mimi nilicheka kwanza. Kisha nikaanza kutafuta tabia hii ya kukadiria miaka ilitoka wapi, na nikaikuta ndani ya somo letu sisi wa agronomi.

Wakati wa Wabelgiji, mtu hakuhesabiwa kwa siku ya kuzaliwa. Alihesabiwa kama HAV, homme adulte valide, yaani mwanaume mzima mwenye nguvu. Toka 1917 serikali ililazimisha kilimo, na dekreti ya 5 Desemba 1933 ikaweka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili zikapanda mpaka 120. Hapa bondeni ya Ruzizi wazee wanakumbuka pamba. Nani aamue kijana huyu ni mtu mzima? Aliangaliwa tu kwa macho: kimo, ndevu. Kuonekana mdogo ilikuwa faida, kuonekana mzee pia. Ndiyo sababu karatasi nyingi za babu zetu zinasema « né vers », amezaliwa karibu na mwaka fulani.

Uhuru haukumaliza jambo hilo. Hesabu ya watu ya mwisho ilikuwa 1984. Sheria ya familia ya 1987 ilitoa siku 30 za kuandikisha mtoto, mabadiliko ya 2016 yakafikisha 90. Lakini uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta mtoto mmoja tu kwa wanne, chini ya miaka mitano, ndiye ameandikishwa. Kutoka kijijini mpaka kwa ofisi ya état civil ni nauli, na mama aliyejifungua ana mambo mengine.

Mupira mkubwa nao ulijikwaa hapo. Chancel Mbemba alipofika Ulaya, tarehe zake za kuzaliwa zilikuwa nne, FIFA ikachunguza. Silas wa Stuttgart alisema mwenyewe mwaka 2021 kwamba jina na mwaka wake vilibadilishwa. Wajerumani walimsimamisha miezi mitatu na kumtoza euro 30.000. Kwa vijana FIFA ilileta, toka 2009, picha ya MRI ya kifundo cha mkono: mfupa ukiwa umefunga kabisa, karibu hakika umepita 17. Lakini kwa mtu wa 35 picha hiyo haisemi kitu, mfupa umefunga kitambo. Kwenye mchezo wa upanga, mashindano ya dunia ya maveterani yanagawa watu kwa makundi ya miaka. Huko karatasi tu inatosha, juu karatasi yenyewe iliandikwa mtoto angali mchanga.

Kwa baba mdogo inabaki jugement supplétif kwenye tribunali, na mashahidi. Tulimuuliza nyanya. Hajui mwaka. Alisema: « Vita ya Kabila ilipoingia, huyu alikuwa mwaka wa pili wa primaire, tulikimbia na kitabu chake cha hesabu. » Hiyo vita ilianza huku kwetu 1996. Mtoto wa 1992 angekuwa na miaka minne, hawezi kuwa mwaka wa pili.

Nimeandika maneno yake, ameweka dole gumba. Wiki ijayo tunashuka Uvira kuuliza bei ya dosié. Kwa sasa baba mdogo anashika bendera pembeni ya kiwanja, na anaona offside kuliko arbitre.