Alama, Daraja na Nafasi: Matokeo ya Kidato cha Nne Tanzania, 2012–2023

Matokeo ya mtihani hayatokani na majibu ya mtahiniwa peke yake. Hutokana pia na kipimo kinachogeuza alama kuwa daraja. Historia ya Tanzania yatoa ushahidi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa katika daraja la sifuri. Mwezi Mei Serikali iliyafuta, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Majibu yalikuwa yale yale. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08. Maelfu ya vijana waliokwisha kuhesabiwa kuwa wameshindwa wakawa wamefaulu pasipo kuandika neno jipya.

Orodha ya shule kumi bora nayo ilisimama juu ya kipimo hicho. Tena haikutenganisha kazi ya mwalimu na uteuzi wa wanafunzi: shule inayochuja mlangoni ilishindanishwa na shule ya kata. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kuitangaza. Kipimo, hata hivyo, kingali kinaamua nani aitwe amefaulu. Basi sharti kijulikane kabla ya mtihani, si baada yake.