Maziwa, Matoke na Posho: Sahani ya Ankole Hufuata Mfuko

Zamani huko Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, tajiri hakula; alikunywa. Mhima mwenye ng'ombe wa kutosha aliishi kwa maziwa, na ugali wa ulezi ulikuwa chakula cha Wairu, waliolima. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipopita miaka ya 1890, mazizi yakawa matupu, na waliozoea kibuyu cha maziwa wakalazimika kutafuta nafaka kwa wakulima waliokuwa wakiwadharau. Ladha yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni zizi.

Ndiyo maana huwa nasita ninaposikia kwamba taifa fulani ni maskini kwa sababu ya kile linachokula. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1931 John Boyd Orr, ambaye baadaye aliongoza FAO, na John Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamasai, watu wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu walaji wa nafaka. Wamasai walionekana warefu na wazito zaidi. Sawa, lakini kimo hakikuwaletea fedha: kahawa na chai zilizoiingizia Kenya fedha za kigeni zilistawi kwenye milima ya hao walaji wa nafaka.

Rwekubo, wilayani Isingiro, huko huko Ankole, mambo yako wazi zaidi. Leo ukiambiwa matoke ndiyo chakula cha huku tangu enzi na enzi, usikubali haraka. Migomba ya Buganda ilipozidiwa na fukusi na ardhi iliyochoka, kuanzia miaka ya 1970, kilimo chake kilihamia kusini-magharibi, kikifuata soko la Kampala. Mikungu mibichi hupakiwa kwenye Fuso na kutandikiwa majani isichubuke njiani. Maziwa nayo hutoka Mbarara kwa magari ya matangi. Ule ulezi wa Wairu? Sasa huandaliwa kwa heshima harusini, pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli.

Posho, yaani ugali wa mahindi, haijapata heshima hiyo. Nchini Uganda ni chakula cha shule, kambi za jeshi na magereza. Mwenye uwezo wa kuchagua huanza na matoke. Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi humo humo Isingiro yaliyowapokea Watutsi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mgao ulizoeleka kuwa mahindi na maharage. Mkongo aliuza mahindi apate unga wa muhogo. Msomali akatafuta mchele na pasta. Wapo walioona uchuuzi huo ni dalili ya shibe, kana kwamba mkimbizi hana haki ya kutamani chakula cha kwao. Aprili 2020 mgao ukapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ukapunguzwa tena.

Wenyeji nao yaliwahi kuwakuta. Ukame wa 2016 uliiunguza migomba ya Isingiro, na wakulima waliokuwa wakiilisha Kampala wakapokea kutoka serikalini unga wa mahindi na maharage.