Maneno Madogo katika Faharasa

Mtu akitaka kupanga majina ya mitaa ya Kariakoo kwa taratibu ya alfabeti, hayaweki yote chini ya neno Mtaa. Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Msimbazi, Mtaa wa Sikukuu, Mtaa wa Mchikichi: yote yangerundikana mahali pamoja, wala msomaji asingepata msaada. Basi huyaruka maneno Mtaa wa, akafuata Kongo, Msimbazi na Sikukuu. Lakini akiazimia kuruka na maneno ya hesabu, kwa kuwa nayo hurudiwa mno, mara hupotea afikapo bustani ya Mnazi Mmoja, iliyo kati ya Kariakoo na Uhindini. Neno mmoja likiondoka, husalia mnazi tu, na minazi ya pwani haihesabiki.

Shida hiyo ni ya zamani sana. Katika karne ya 13 watawa Wadominiko wa Paris, wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, walitengeneza itifaki ya Biblia ya Kilatini, yaani kitabu kionyeshacho kila neno limeandikwa wapi. Viunganishi na maneno madogo mengine yasiyobadilika waliyaacha. Ikapita miaka kama 200. Katika Mtaguso wa Basel, karne ya 15, Yohane wa Ragusa alipobishana na watu wa Bohemia, hoja ilisimama juu ya neno dogo nisi, maana yake "isipokuwa". Na itifaki haikuwa nalo. Ndipo ikafanywa itifaki nyingine ya maneno yale yaliyodharauliwa.

Kompyuta zilipokuja, desturi ile ilirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alionyesha jinsi mashine iwezavyo kupanga vichwa vya makala kwa maneno yake yenye uzito, ikiyapita yaliyomo katika orodha ya maneno ya kuachwa. Nafasi ya kuwekea maandishi ilikuwa ghali siku zile, na maneno machache ya namna hiyo huchukua sehemu kubwa ya maandishi yoyote.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1930 na kuhamia Nairobi mwaka 1942, ilishughulikia kusanifisha maandishi ya Kiswahili. Pasipo tahajia moja hakuna faharasa iwezayo kukusanya neno moja mahali pamoja. Hata hivyo, neno moja laweza kuvaa nguo nyingi: wa, ya, la, cha, vya, za, pa na mwa ni neno lile lile, likifuata ngeli ya jina. Atakayeandika wa na ya katika orodha yake akasahau vya na mwa, ameacha nusu ya kazi.

Tena, ni na si ni maneno mafupi mno, na yote mawili hurudiwa kila ukurasa. Yakifutwa, "mgeni ni mwizi" na "mgeni si mwizi" huwa sawasawa. Vilevile "barua ya Ali" na "barua kwa Ali" hazitofautiani tena. Aliyeandika na aliyeandikiwa wamechanganywa. Katika shauri la mirathi au la deni, kosa hilo si dogo.

Njia bora ilionyeshwa mwaka 1972 na Karen Spärck Jones wa Cambridge, Uingereza. Neno lisitupwe, bali lipimwe: kadiri lionekanavyo katika maandishi mengi, ndivyo uzito wake upungukavyo. Katika kijiji chenye duka moja la kanga, ukisema "duka la kanga" umekwisha kueleza. Kariakoo maneno hayo hayo hayamfikishi mtu popote. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni mahali linapotumika. Tena programu nyingi za siku hizi huandika na nafasi ya kila neno, hata mnazi na mmoja, yakifuatana, yakapatikana pamoja.

Kwa hiyo mwalimu apangaye faharasa ya maktaba au ya kumbukumbu za shule, kabla ya kufuta neno, na alijaribu katika sentensi mbili au tatu. Maana ikibaki ile ile, na aliruke. Ikigeuka, na aliache mahali pake.